Aliyevuta naye apate: jibu langu kwa mama mmoja kuhusu mbio za kinga

Siku ya shindano tulikuwa tumesimama kando ya barabara ya Sake, watu wengi, watoto wamepanda juu ya mawe meusi ya volkano ili waone vizuri. Vijana walikuwa wamekwenda na sasa walikuwa wanarudi mjini. Yule wa kwanza alinyanyua mikono, muziki ukapigwa, akapewa bahasha yake mbele ya watu, picha zikapigwa. Dakika nne hivi nyuma yake akafika kijana mwingine, miguu inatetemeka, uso umejaa vumbi, akaiegemeza kinga yake kwenye ukuta na kukaa chini bila kusema neno.

Mama yake alikuwa karibu yangu. Ni mama aliyekimbia vita kutoka Masisi na watoto watano. Aliona nina kinasa sauti mkononi, akafikiri mimi najua kila kitu. Akaniuliza: "Papa mwandishi, huyu wangu nilimuona kule Mugunga, alikuwa mbele ya wote. Na wakati wa kwenda pia alikuwa mbele. Sasa mbona hana kitu?"

Nikamjibu jibu la kipumbavu. Nikamwambia: "Mama, ndivyo mchezo ulivyo."

Alinitazama, akaenda kumpa mtoto wake maji. Tangu siku ile jibu langu linanisumbua, kwa sababu lilikuwa uongo. Katika mbio za kinga (baiskeli, kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania) mchezo hauko hivyo. Sisi hapa Goma ndio tumeufanya uwe hivyo. Na kwa kuwa nasikia vijana wa kartie wanataka kupanga shindano lingine, acha nimjibu yule mama leo kama nilivyopaswa kumjibu siku ile, halafu niseme wazi ninachoomba.

Mama, kwanza elewa upepo. Mtu akienda kwa kinga polepole, kama anayepeleka makopo ya maji nyumbani, upepo si kitu. Lakini akifika kilomita 40 kwa saa kwenye njia ya tambarare, sehemu kubwa ya nguvu za miguu yake inaishia kusukuma hewa iliyo mbele yake. Sasa yule anayekaa nyuma ya mgongo wake, gurudumu karibu na gurudumu, anakuta njia imeshafunguliwa. Anaokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake, na akiwa katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Wote wawili wanaenda mwendo mmoja, lakini mmoja anachoka na mwingine anapumzika huku anakimbia.

Mwanao alikuwa mbele njia yote. Maana yake, njia yote alikuwa anawafungulia wengine upepo. Yule aliyenyanyua mikono alikuwa nyuma ya mgongo wa mwanao hadi karibu na mwisho, akatoka pembeni, akapita. Sisemi aliiba, maana alifanya kitu ambacho sheria inaruhusu na akili inafundisha. Ninachosema ni kwamba ushindi ule ulitengenezwa na miguu minne, na bahasha ikapewa miguu miwili.

Katika mbio kubwa za siku nyingi, zile ambazo watu wanaendesha etapi baada ya etapi, leo kutoka mji huu hadi ule, kesho tena, hadi wiki moja ama wiki tatu, jambo hili linajulikana na kila mtu, na timu nzima inajengwa juu yake. Kwenye Tour de France timu moja ina watu 8. Kati ya hao 8, pengine mmoja tu ndiye anayetegemewa kushinda siku ya tambarare. Wengine kazi yao imegawanywa tangu asubuhi kwenye basi: wewe utaleta chupa za maji kutoka kwenye gari, wewe utavuta kilomita mia za kwanza, wewe utamkinga bosi na upepo wa pembeni, wewe utabaki hadi mwisho.

Asubuhi, watu watatu ama wanne wanatoroka mbele. Kundi kubwa linawaacha waende. Mtazamaji mgeni anafikiri kundi limelala, kumbe ni hesabu. Timu zenye mtu wa mbio fupi, yaani yule mwenye mlipuko wa nguvu katika mita 200 za mwisho, zinaweka mtu ama wawili mbele ya kundi wavute taratibu, ili wale waliotoroka wasizidi dakika tatu ama nne. Kuna Mfaransa mmoja aliyekuwa mwendesha kinga na baadaye mtangazaji, Robert Chapatte, aliyesema kwamba kundi likiamua kufukuza, linarudisha dakika moja kwa kila kilomita 10. Si sheria ya Mungu, inavunjika mara nyingi, hasa milimani. Lakini hadi leo watu wanahesabu hivyo: bado kilomita 30, wana dakika tatu, basi watashikwa mlangoni. Kwa nini wasiwashike mapema? Kwa sababu wakiwashika mapema wengine watatoroka tena, na kazi itaanza upya. Waache wachoke kule mbele.

Lakini kumbuka ni nani anayefanya kazi hiyo ya kufukuza. Ni kijana ambaye kilomita 20 kabla ya mwisho atakuwa ameisha kabisa. Atajitoa pembeni, kundi litampita, atafika dakika nyingi baadaye na kamera hazitamuonyesha. Ndiye mwanao, mama.

Kisha zinafika kilomita tatu za mwisho. Hapo timu zinapanga mstari, watu watatu ama wanne mmoja nyuma ya mwingine, mwenye mbio fupi akiwa wa mwisho. Wa kwanza anatoa nguvu zake zote kwa nusu dakika ama zaidi kidogo, anaachia. Wa pili anachukua, anatoa zote, anaachia. Mwendo unapanda hadi kilomita 60 kwa saa na zaidi. Wa mwisho katika wale wavutaji ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote: lazima achague upande, apite mahali ambapo hakuna mahali, asigeuke sana hadi apoteze rafiki yake nyuma, na amfikishe mita 200 akiwa hajaguswa na upepo. Ndipo mwenye mbio fupi anatoka. Anakimbia sekunde 10 ama 12. Hizo sekunde ndizo dunia inaona.

Nina mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote. Julai 2009, siku ya mwisho ya Tour de France, Paris, kwenye Champs-Élysées. Mwingereza Mark Cavendish alishinda. Aliyefika wa pili alikuwa Mark Renshaw wa Australia, mwenzake wa timu moja, yule aliyemvuta. Yaani walikuwa wametoka kwenye kona ya mwisho wakiwa mbali hivi kwamba hata mvutaji aliyekwisha maliza kazi yake alipata muda wa kufika wa pili mbele ya watu wa mbio fupi wa timu nyingine zote. Ukitaka kumfundisha mtoto timu ni nini, muonyeshe picha ile.

Mfano mwingine ni wa majuzi. Mwaka 2024, Mathieu van der Poel wa Uholanzi alikuwa bingwa wa dunia, amevaa ile jezi nyeupe yenye mistari ya rangi ambayo mtu mmoja tu duniani anaruhusiwa kuivaa. Na katika Tour de France ya mwaka ule, bingwa huyo alifanya kazi ya kumvuta Jasper Philipsen, Mbelgiji mwenzake wa timu, na Philipsen akashinda etapi tatu. Bingwa wa dunia anafungua upepo kwa ajili ya mwingine! Hapa kwetu, kijana akishinda mara moja barabara ya Sake, mara ya pili hataki hata kumpa mwenzake chupa ya maji.

Na kama unataka Mwafrika, huyu hapa. Tarehe 1 Julai 2024, mjini Turin, Biniam Girmay wa Eritrea akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda etapi ya Tour de France. Akashinda tena ya 8, tena ya 12. Etapi ya 16, mjini Nîmes, akaanguka karibu kabisa na mwisho, akafika na majeraha, na Philipsen akashinda siku ile. Jezi ya kijani, ambayo ni ya yule mwenye pointi nyingi, ilikuwa inatikisika. Bado milima ilikuwa mbele, na mtu wa mbio fupi aliyejeruhiwa milimani ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini alifika Nice na jezi ile mgongoni. Timu yake, Intermarché-Wanty, haikuwa kati ya timu tajiri. Nilikuwa nafuatilia kwenye simu kwenye ligablo la jirani, umeme unakatika unarudi, na sisi pale tukapiga kelele kama Girmay alizaliwa Birere.

Sasa tuje kwenye pesa, maana yule mama aliniuliza kuhusu pesa, hakuniuliza kuhusu utukufu.

Kushinda etapi moja ya Tour de France mwaka ule kulikuwa na zawadi ya euro 11,000. Jezi ya kijani, euro 25,000. Mshindi wa jumla, mwenye jezi ya njano, euro 500,000. Mtu akisikia hivyo anafikiri tajiri amepatikana. Lakini desturi ya zamani katika mchezo huu, ambayo hakuna anayebishana nayo, ni kwamba zawadi inaingia kwenye mfuko mmoja wa timu, halafu inagawanywa kwa waendeshaji, na mara nyingi hata mafundi wa kinga na wanaowakanda miguu wanapata fungu lao. Mshindi mkubwa mara nyingi hachukui chochote katika fungu lile, anawaachia wenzake, kwa sababu yeye ana mshahara mkubwa na atapata mikataba mingine. Yule aliyeleta chupa za maji wiki tatu anarudi nyumbani na kitu cha kuonyesha mama yake.

Na ndiyo sababu anavuta. Hebu tuache kudanganyana na maneno ya moyo wa kujitolea. Wale Wazungu hawavuti kwa sababu wana roho nzuri kuliko watoto wetu. Wanavuta kwa sababu kuvuta ni kazi yenye malipo na yenye jina. Sisi tumeweka bahasha moja, kwa mtu mmoja, halafu tunashangaa kila mtu anajificha nyuma ya mwenzake. Nimeona mashindano mawili hapa mjini ambapo kundi zima lilikwenda polepole kama watu wa mazishi, kila mmoja anamwangalia mwingine, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukaa kwenye upepo. Walikuwa wamejifunza. Waliona yule kijana wa Masisi alivyovuta na alivyorudi mikono mitupu, wakasema mimi si mjinga. Na mwanao mwenyewe, mama, mara ya pili hakuvuta. Nilimuona. Alikaa nyuma kama wengine, akafika wa sita, na mbio ilikuwa mbaya hadi watazamaji wakaenda zao kabla ya mwisho.

Wengine mtanikata hapa: wewe unaandikaje juu ya mbio za kinga, na mashindano makubwa ya karibu yako upande ule wa mpaka? Najua. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Tumezika watu. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Februari, Tour du Rwanda ikaanza, na ikafika Rubavu, hapo ng'ambo ya Petite Barrière. Timu ya vijana ya Soudal Quick-Step kutoka Ubelgiji ilijiondoa kwa sababu ya usalama. Bunge la Ulaya liliomba hata mashindano ya dunia ya Kigali yafutwe. Hayakufutwa, yalifanyika Septemba 2025, ya kwanza katika bara letu. Wako majirani zangu waliozima simu wiki ile wasione hata picha moja, na siwezi kuwalaumu. Wako vijana walioangalia kila dakika, na hao pia siwezi kuwalaumu. Mimi niliangalia. Kijana anayejifunza kuendesha kwenye kilomita chache za lami tulizo nazo hana shule nyingine iliyo karibu kuliko ile, hata kama shule yenyewe iko mahali panapomuuma.

Na kuna jambo la kujifunza kwa jirani ambalo halina siasa. Kati ya 2014 na 2018 Wanyarwanda walishinda mbio yao kila mwaka: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya, Samuel Mugisha. Mwaka 2019 mbio ikapandishwa daraja, timu za Ulaya zenye nguvu zikaja kwa wingi, na tangu hapo hadi ile ya 2025, iliyochukuliwa na Mfaransa Fabien Doubey wa TotalEnergies, hakuna Mnyarwanda aliyeshinda tena jumla. Miguu haikupungua ghafla mwaka mmoja. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanakutana na timu ambazo watu wake wanajua kufanya kazi pamoja kuanzia kilomita ya kwanza. Waeritrea wao walihimili: Merhawi Kudus 2019, Natnael Tesfazion 2020 na 2022, Henok Mulubrhan 2023. Wengi wa hao walikuwa wamekwisha ishi ndani ya timu za nje na kujifunza ile kazi.

Najua pia kuna mtu atanitajia Pogačar. Kila nikieleza haya kwenye barza, yuko mmoja anayesema: na yule Mslovenia wa Kigali, si alikwenda peke yake? Ni kweli, Septemba 28, 2025, Tadej Pogačar alitoroka kukiwa bado na kilomita zaidi ya mia moja, kwenye Mlima Kigali, na kilomita kama 66 za mwisho alikuwa pekee. Watu 30 tu ndio waliomaliza mbio ile kati ya zaidi ya 160. Lakini angalia alitoroka na nani. Walimfuata Juan Ayuso na Isaac del Toro, mmoja amevaa jezi ya Hispania, mwingine ya Meksiko, na wote wawili mwaka ule walikuwa wenzake wa timu moja, UAE. Ayuso akaachwa, del Toro akabaki naye kwa muda kabla naye kuisha. Sisemi walimpa ushindi, yule mtu ana miguu ya ajabu. Lakini hata yeye hakuanza peke yake. Na Goma hatuna Pogačar. Tuna vijana wenye kinga za chuma zilizonunuliwa kwa mkono wa pili, na mmoja akiziendesha peke yake dhidi ya upepo wa ziwa hafiki mbali.

Ajabu ni kwamba jambo hili sisi tunalijua tayari. Simama asubuhi njiani kutoka Kibumba uone chukudu zinavyoshuka na viazi, makabichi, makala. Kushuka mtu anaweza mwenyewe, akiwa na breki nzuri ya kandambili na sala kidogo. Lakini chukudu yenye magunia ikikuta mlima, mwenye chukudu anaita wasukumaji. Vijana wawili ama watatu wanaweka mabega, wanasukuma hadi juu. Je, umewahi kumuona mwenye chukudu anauza viazi sokoni halafu anawaambia wasukumaji: asanteni, mimi ndiye niliyefika? Angepigwa. Wasukumaji wanalipwa, siku ileile, na hakuna mtu anayewaita wavivu kwa sababu chukudu si yao. Tumeweka sanamu ya chukudu katikati ya mji, ya rangi ya dhahabu, na tukija kwenye shindano la kinga tunasahau jinsi chukudu inavyopanda mlima.

Kwa hiyo ninachoomba wale wanaopanga shindano lijalo ni hiki. Waandikishe vijana kwa timu za watu watano ama sita, si mmoja mmoja. Zawadi ya kwanza iende kwa timu na ihesabiwe mbele ya watu, kila mmoja apokee fungu lake mkononi, na aliyevuka mstari aongezewe kidogo kwa sababu naye kazi yake ina hatari, wengi wanaanguka pale. Kama pesa ziko, iwepo bahasha ya pili, ndogo, ya yule aliyevuta kuliko wote. Waamuzi wawili kwenye pikipiki wanatosha kuona hilo, kwa sababu mtu anayekaa kwenye upepo haonekani kwa siri.

Nimejadiliana na mmoja wa wapangaji. Aliniambia dola 100 ukiigawanya kwa watu sita haibaki kitu, na tena benki zimefungwa tangu mwanzo wa mwaka 2025, hata hizo dola 100 kuzipata ni kazi. Hapo ana haki kidogo. Lakini dola 16 kwa kijana ambaye familia yake inakula mara moja kwa siku si "si kitu". Ni mfuko wa unga na mafuta na chumvi. Kinachofanya isionekane kitu ni kwamba tumezoea kupiga picha ya bahasha nene.

Aliniambia pia kwamba wavivu watakula bure. Huyo hajawahi kukaa ndani ya kundi. Ndani ya kundi hakuna siri: kila mtu anajua nani alichukua zamu yake mbele na nani alijifanya mnyororo umetoka. Mvivu ataendesha na timu mara moja, mara ya pili hawatamchukua.

Na kuna jambo ambalo yule mpangaji hakulisema ila nililiona kwenye uso wake: kwamba hawa waliokuja na vita, ambao leo wako na kesho wamerudi kwao ama wamehamishwa tena, si wa kujengea timu. Kambi za Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya zilivunjwa mwanzoni mwa 2025, watu wakatawanyika, wengine wamerudi Masisi na Rutshuru, wengine wamebaki kwa majirani waliowapokea. Kweli, utampoteza kijana katikati ya msimu. Lakini hebu nikwambie kuhusu Rimini.

Tarehe 29 Juni 2024 ilikuwa etapi ya kwanza ya Tour de France, kutoka Florence hadi Rimini, kilomita 206, jua kali, vilima vingi. Cavendish, yuleyule wa 2009, sasa mzee wa miaka 39, alibaki nyuma mapema akitapika juu ya kinga. Katika mbio hizi kuna muda wa mwisho: ukichelewa kuliko ule muda unafukuzwa, hata kama umemaliza. Wenzake wa timu ya Astana wangeweza kwenda mbele na kuokoa mbio zao. Walibaki naye. Wakamkinga na upepo, wakammwagia maji kichwani, kilomita baada ya kilomita, wakimfikisha zaidi ya nusu saa nyuma ya mshindi, ndani ya muda. Etapi ya tano, Julai 3, Saint-Vulbas, mtu huyohuyo alishinda etapi yake ya 35 ya Tour, akampita Eddy Merckx aliyekuwa na 34. Watu wengi wanakumbuka Saint-Vulbas. Mimi nakumbuka Rimini, ambapo hakuna aliyejua kama ile kazi italipa.

Mama, ndilo jibu. Mwanao siku ile alifanya kazi ambayo katika mbio za kweli ina jina, ina mshahara, na ina fungu katika bahasha. Alikuwa mzuri sana ndani yake. Anajua kuweka mwendo usiopanda wala kushuka, jambo ambalo wengine wanafundishwa miaka. Kosa lake lilikuwa moja tu, hakuwa na mtu nyuma yake wa kumvutia, kwa sababu hatukumpa timu.

Nimemwambia mpangaji kwamba yule kijana nitamwandikisha mwenyewe pamoja na wengine wanne, wawili wa Himbi na wawili wa Majengo, na mwenye mbio fupi kati yao ni mfupi mmoja wa Majengo anayeuza mikate kwa kinga kila alfajiri. Wamefanya mazoezi pamoja Jumapili mbili. Mara ya kwanza waligombana mita mia tano kabla ya mwisho juu ya nani avute, wakasimama katikati ya barabara wakibishana hadi lori likawapigia honi. Jumapili ya pili walifika wamepangana. Bado gurudumu la nyuma la mmoja wao linahitaji spoku nne, na kama kuna fundi anayesoma haya ama anayetusikiliza, mlango wangu anaujua.